Sharti la Kumi na Tatu

Mkwe wangu ni Mkuu wa Mageuzi ya Kidijitali katika ofisi moja kubwa ya mjini. Nimemwuliza mara tatu anageuza nini kuwa nini. Mara zote tatu amenieleza kwa kirefu mpaka chai ikapoa, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba ana simu mbili, zote mbili kila siku ziko karibu kuzima, na akifika kwangu, kabla hata hajamaliza kunisalimia, huuliza: "Baba, soketi iko wapi?"

Soketi iko pale pale ilipokuwa tangu amwoe binti yangu.

Jumapili moja alichomeka simu zake, akakaa, akakataa biskuti, kisha akaomba kuona chumba cha nyuma. Nilishtuka. Kwa miaka tisa amekipita chumba hicho akienda msalani bila kugeuza shingo. Humo ndimo ninamoweka mashine zangu tatu. Mbili ni ndogo, nilizipata kwa watu waliotaka kuzitupa. Ya tatu ndiyo yenyewe. Ni kompyuta nzito kama mfuko wa saruji, ina kioo chake kilichobinuka kama kitambi, na kibodi ambayo kila kitufe hulia peke yake. Zamani ilikuwa rangi ya maziwa. Sasa imekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mke wangu humwita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" huniuliza asubuhi.

"Ameamka vizuri."

"Mwambie leo ni zamu yake kupika."

Naomba msomaji asicheke haraka. Mimi sikusomea kompyuta chuoni. Nilikuwa mbeba maboksi katika ghala la vipuri la shirika la mabasi, na jioni nilikwenda shule ya watu wazima, miaka minne, nikiwa na grisi kwenye kucha na watoto wawili nyumbani. Mashine hii ilipoletwa ghalani ndani ya kreti la mbao, ilikuja na kitabu kinene kuliko tofali. Meneja aliiogopa. Aliifunika kwa kitambaa cha meza akaweka juu yake chombo cha maua. Mimi nikaomba kitabu. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kila siku wakati wa chakula cha mchana, na mwaka uliofuata sikubeba boksi tena. Nilikaa kitini, nikawa ndiye ninayejua kila mkanda wa feni wa kila basi uko rafu gani. Watu wakaanza kuniita Mzee Diski, ingawa wakati huo sikuwa mzee. Shirika lilipokufa, niliandika barua kuiomba mashine, wakanipa kwa maandishi, na barua hiyo ninayo.

Kila asubuhi baada ya chai nanawa mikono, naikausha, naketi. Nabonyeza swichi. Feni inaanza, mashine inahesabu kumbukumbu yake kimya kimya kama mtu anayehesabu vidole, diski inakwaruza, na herufi za kijani zinatokea. Naandika mistari mitatu ya siku, au barua ya jirani anayeitaka. Mashine hainiulizi nywila. Haiombi ijue niko wapi. Haijapata hata siku moja kunitangazia dawa ya kuotesha nywele.

Basi mkwe alisimama mbele yake, mikono mfukoni, akaipiga picha.

"Baba, tunahamia jengo jipya," alisema. "Mkurugenzi anataka pale mapokezi pawe na Kona ya Kumbukumbu. Wageni waone tulikotoka."

"Mmetoka wapi? Ofisi yenu ina miaka sita."

"Ndiyo maana tunahitaji kitu cha zamani, baba. Sisi wenyewe hatuna."

Nilimwambia kwamba mashine hii si kitu cha zamani, ni kitu kinachofanya kazi. Akasema hilo ndilo zuri zaidi. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, baba, bila ubishi, akatoka kwenda kutazama asilimia za simu zake. Dakika mbili baadaye aliingia binti yangu kutoka jikoni, mikono ingali na povu la sabuni, na hapo nikajua kwa nini mumewe hakubishana.

"Baba, nafasi ya kupandishwa cheo iko moja na wanaoitaka ni watatu," alisema kwa sauti ya chini. "Na yeye ameshamwambia mkurugenzi kwamba mashine ipo."

"Ameitoa kabla ya kuiomba?"

"Ndivyo alivyo, unamjua. Sasa akienda mikono mitupu ataonekana mwongo mbele ya wote. Nisaidie mimi, baba. Usimsaidie yeye."

Mtu akishaombwa hivyo na binti yake wa pekee, kilichobaki ni kuweka masharti.

Niliyaandika usiku, nikayasahihisha asubuhi. Yalikuwa kumi na mawili. Niliyachapa kwa printa yangu ya sindano, ile inayolia kama bati linalokwanguliwa, kwenye karatasi yenye matundu pembeni. La kwanza: mashine iwashwe kila siku ya kazi kabla ya saa tatu asubuhi. La pili: isifunikwe ikiwa ya moto. La tatu nililipigia mstari: baada ya safari, isichomekwe ukutani moja kwa moja, bali ianzie kwenye balbu.

Hili la balbu naomba nilieleze, kwa maana ndilo lililoleta yote. Nina ubao wenye soketi, na kabla ya soketi kuna balbu ya kizamani, ile ya waya, iliyofungwa njiani ili umeme upite kwayo kwanza. Ukichomeka mashine iliyolala au iliyosafiri, tazama balbu. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mashine ni nzima, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hitilafu ndani, chomoa upesi. Balbu imekula kishindo badala ya mashine. Ni kazi ya dakika moja, na mtu yeyote mwenye macho anaiweza.

Masharti mengine yalihusu herufi, ziwe za kijani na zisomeke kwa umbali wa hatua nne. Vumbi, lifutwe kwa brashi kavu. Wageni, waruhusiwe kugusa kibodi. La kumi na mbili lilisema mashine irudishwe pindi mwenyewe atakapoitaka. Nilikuwa nimeridhika. Nilimwita mke wangu nikamsomea yote.

"Mimi ulipokuja kunioa hukuuliza hata kama ninakoroma," alisema.

Mkwe aliipiga picha karatasi yangu kwa simu, hakuisoma. "Tayari, baba. Iko kwenye wingu."

"Itashuka lini?"

"Baba bwana!" Akacheka, akanipigapiga bega.

Waliichukua kwa gari la wazi, mawingu ya kweli yakiwa yametanda juu. Niliizungushia godoro, nikaifunika turubai, nikafunga kamba kwa mafundo manne. Ubao wa balbu niliuweka juu kabisa ili wauone kwanza. Kona ya pili tu mvua ikaanza. Nilibaki barabarani nikilitazama gari hadi lilipopotea, na mke wangu, ambaye hana dogo, aliniuliza kama nataka leso.

Wiki tatu baadaye tulialikwa kwenye ufunguzi. Nilivaa suti niliyostaafia. Mlango wa jengo hilo hauna mtu. Una kioo kirefu kilichosimama kama askari, ambacho kwanza kilinitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti, kisha kikasema kimetuma namba kwenye simu yangu. Simu yangu ni ya vitufe na nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kuonana na watu ana kwa ana.

"Kiambie wewe ni mume wangu," mke wangu alisema. "Nitathibitisha mimi."

Nyuma yetu foleni ilifika barabarani. Walikuwemo watu watatu wa ofisi hiyo hiyo waliosahau namba zao. Hatimaye mama mmoja wa usafi, mwenye fagio na ufunguo wa kawaida wa chuma, alitufungulia mlango wa pembeni tukaingia sote, na Mkuu wa Mageuzi naye akapitia hapo hapo.

Mashine niliiona kutoka mbali. Walikuwa wameiweka juu ya jukwaa jeupe, taa tatu zikiimulika, kamba nene nyekundu ikiizunguka. Walikuwa wameisugua kwa dawa fulani mpaka ikarudi rangi yake ya maziwa. Kioo kilikuwa kinawaka na herufi zilikuwa za kijani, tena za kusomeka kwa hatua kumi. Nakiri moyo wangu ulipanda. Nilisema moyoni kwamba nimemdhania mkwe wangu vibaya. Ukutani kando yake palikuwa pametundikwa ubao wangu wa balbu, na chini yake kibao cha dhahabu kilichoandikwa: TAA YA ENZI HIZO.

Hapo moyo ukaanza kushuka.

Nilipokaribia, jambo la kwanza lililonijia ni ukimya. Feni ya mashine ile ina mgongano mdogo kila mzunguko wa tatu. Ningeutambua hata usingizini. Sikusikia kitu. Niliweka kiganja juu yake, pale panapokuwa na joto la mkate uliotoka tanurini muda si mrefu. Palikuwa baridi kama sakafu. Nikamtafuta mkwe kwa macho. Alikuwa anazitazama simu zake, zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo hata yeye kwa kawaida haliwezi.

Mkurugenzi, mtu mnene mchangamfu mwenye viatu vya michezo na suti, alinishika mkono. "Huyu ndiye mzee wetu! Mzee, tufungulie kona yetu. Tuandikie neno la kwanza."

Watu wakainua simu juu. Niliketi. Kule shule ya jioni tulifundishwa kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama, na mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa. Niliweka vidole mahali pake, nikabonyeza herufi moja. Kitufe kililia kama zamani, lakini kwenye kioo hakikutokea nilichobonyeza. Herufi za kijani ziliendelea na safari zake zenyewe: HABARI YA SIKU, RAFIKI! HISTORIA YETU INAPAKIWA...

Mashine yangu haijapata kumwita mtu rafiki.

Nikaelewa. Niliyeketi mbele yake alikuwa maiti aliyevalishwa. Walikuwa wamemtoa matumbo, wakamtia kifuani kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kupapasa kwa kidole, inayozungusha filamu moja tangu asubuhi hadi jioni. Na papo hapo, nikiwa nimekaa mbele ya watu mia moja, nikaanza kuyapitia masharti yangu. Inawashwa kabla ya saa tatu: ndiyo. Haifunikwi: ndiyo. Herufi za kijani: ndiyo. Vumbi: hakuna. Wageni wanagusa kibodi: wanagusa. Ukiacha lile la balbu, walikuwa wametimiza karibu yote. Mimi, Mzee Diski, niliyeandika masharti kumi na mawili na kuyasahihisha, nilisahau kuandika kwamba mashine iwe ndani ya mashine.

Niliinua macho. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya mkurugenzi, mkono shingoni, ananitazama kama alivyonitazama siku aliyovunja redio yangu akiwa na miaka saba. Alikuwa anajua. Alijua, na alikuwa ananiomba tena, safari hii bila kufungua mdomo.

Basi nilichapa. Nilichapa mistari mitatu kwa vidole vyote kumi, kwa kasi, vitufe vikilia ukumbi mzima. Niliandika kwamba humu ndani hamna kitu. Niliandika kwamba jengo hili lote ni ganda jeupe lenye filamu ndani yake. Mstari wa tatu ulimhusu mkwe wangu, nao nitabaki nao. Kioo kikajibu: ASANTE KWA KUWA SEHEMU YA SAFARI YETU. Watu wakapiga makofi.

"Ajabu sana!" alisema mkurugenzi. "Mzee, hii ina miaka mingapi?"

"Nje ina miaka thelathini na sita, bwana mkurugenzi," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Ndani, mkwe wangu ameigeuza yote."

Mkurugenzi alifurahi, akawageukia watu. "Mmesikia? Tumehifadhi ya nje, tumegeuza ya ndani! Hayo ndiyo mageuzi! Hiyo ndiyo ofisi yetu!"

Makofi yakarudi, makubwa zaidi. Nimesema ukweli mara nyingi maishani mwangu, lakini haujawahi kushangiliwa namna ile. Binti yangu aliondoa mkono shingoni.

Walipoanza kugawa soda nilimkamata mkwe kwenye kiwiko, nikamvuta hadi penye ngazi.

"Matumbo yako wapi?"

"Baba, tuongee kesho..."

"Matumbo."

"Yamehifadhiwa, baba. Yapo tu. Yako kwenye..."

"Ukiniambia yako kwenye wingu, nitarudi kule mbele nimwombe mkurugenzi aifungue hiyo kona kwa bisibisi."

Aliyetuokoa ni yule mama wa usafi, aliyekuwa anapangusa vishikio vya ngazi na kusikia kila kitu.

"Mzee, vile vyuma ni vyako?" aliuliza. "Waliniambia nikatupe. Nikavibeba, nikaona ni vizito mno. Nikasema, kitu kizito hivi lazima kina mwenyewe. Viko hapa chini ya ngazi, nyuma ya ndoo." Akamtazama mkwe wangu kuanzia viatu hadi kichwani. "Kijana alisema ni takataka za umeme."

Lilikuwa boksi la karatasi za choo. Ndani yake zilikuwemo diski na bodi, waya zimekatwa kwa mkasi, na kisanduku cha umeme kikiwa bado na lakiri yake ya karatasi ya kiwandani. Bomba la kioo, ile chupa kubwa inayowasha herufi, lilikuwa juu ya vyote, shingo imevunjika. Bomba likivunjika shingo, limekwisha. Hakuna fundi wala sala. Nilichuchumaa pale nikalishika. Kutoka kwenye kisanduku cha umeme ikatoka harufu ninayoijua vizuri, ya plastiki iliyoungua pamoja na samaki.

"Mliichomeka ukutani," nilisema.

"Baba, nilibakiwa na siku mbili. Tuliichomeka, ikalia paf! Moshi mzito. Kengele za moto zikaanza, jengo lote likatoka nje, mkurugenzi alikuwa na wageni kwenye simu ya video..."

"Balbu mliitumia?"

"Balbu gani?"

"Ile mliyoitundika ukutani mkaipa jina."

Jasho lilikuwa limeloanisha kola yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyo hasa, mtu mwenye hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na nikamkasirikia zaidi, maana ni vigumu kumkaripia mtu wa namna hiyo kwa raha.

Tuliondoka kabla ya keki. Nilibeba boksi mwenyewe. Njiani kuelekea mlango wa pembeni nilisimama, nikaungoa ubao wangu ukutani pamoja na kibao chake cha dhahabu, nikaupachika kwapani. Watu waliokuwa karibu walidhani ni sehemu ya sherehe. Mmoja alipiga makofi.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka, lakini mke wangu ataisoma hadithi hii na anajua kilichotokea.

Kesho yake asubuhi nilikata lakiri ya kile kisanduku cha umeme. Lakiri hiyo ilikuwa fahari yangu. Kila mgeni wa chumba cha nyuma nilimwonyesha: haijafunguliwa tangu kiwandani, nilisema, kama mtu anayeonyesha meno yake mwenyewe. Ndani nilikuta kile nilichojua nitakikuta, kapasita moja ya njano, kidude cha kuchuja umeme, ndogo kama biskuti ya mtoto, imepasuka na kumwaga masizi. Kila mtu anayecheza na mashine hizi anakijua kidude hicho. Kikizeeka kinapata nyufa, kinanyonya unyevu, na siku moja, hasa baada ya mvua, kinalipuka. Kwenye mashine zangu zile mbili ndogo nilikibadilisha zamani. Vipya vitatu ninavyo kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwenye mashine kubwa sikukibadilisha, kwa sababu ingebidi nikate lakiri.

Niliwacheka watu wanaoweka mashine kwenye jukwaa na kuizungushia kamba nyekundu. Kamba yangu ilikuwa ndogo tu, tena ya karatasi.

Mke wangu alikuja kusimama mlangoni. "Kwa hiyo aliyemuua mke mwenzangu ni nani?"

"Tuligawana."

"Nusu kwa nusu?"

"Yeye ana zaidi," nilisema. "Lakini si kwa mengi."

Kapasita mpya ilichukua nusu saa. Waya zilizokatwa kwa mkasi zilichukua siku nne, uzi kwa uzi, miwani miwili puani. Bodi ilikuwa nzima. Kidude kile kikilipuka hunuka kuliko kinavyodhuru, na kama wangekuwa na mtu mmoja wa kusoma sharti, mashine ingekuwa hai siku hiyo hiyo. Lililobaki ni nyumba. Ganda lilikuwa kwao jukwaani, limesuguliwa, na sikulitaka tena.

"Umemrudisha uchi," mke wangu alisema akilitazama lile rundo mezani. "Aibu. Hata kama ni mke mwenza."

Alitoka, akarudi amekumbatia sanduku la mbao la cherehani yake ya zamani, lenye kufuli la shaba na mpini. Cherehani alikwisha kumpa binti yetu. Nilitoboa matundu ya hewa nyuma, nikapanga bodi na diski humo, nikapitisha waya pale ulipokuwa unapita uzi. Kioo niliazima kwa mojawapo ya mashine ndogo. Herufi zake si za kijani, ni za rangi ya chungwa. Hilo bado linaniuma na sitasema nimelizoea.

Asubuhi ya siku ya tano nilinawa mikono. Nilichomeka kwenye balbu. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alikuwa kimya mbele ya mashine. Nilibonyeza swichi. Balbu iliwaka, kwa nguvu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye plagi. Kisha ikafifia, ikabaki wekundu kidogo wa waya. Feni ikaanza, na mgongano wake mdogo. Ikahesabu. Diski ikakwaruza. Nikaandika tarehe.

"Amerudi," alisema mke wangu. "Haya, leo ni zamu yake kupika."

Mkwe alikaa mwezi mzima bila kuonekana. Nafasi aliipata. Sasa ana vyeo viwili, maana mkurugenzi alipendezwa sana akamwongezea na kuwa Mlezi wa Kumbukumbu. Alipokuja, Jumapili, alikuja na binti yangu ubavuni, amefyata mkia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, ile kona ina tatizo."

"Kona gani?"

"Ile filamu ilikuwa ya programu ya majaribio. Muda umekwisha. Tangu Alhamisi kioo kinaandika: TAFADHALI LIPIA ILI KUENDELEA NA HISTORIA. Hakizimiki, kimefungwa ndani. Wageni wanapiga picha nayo zaidi kuliko mwanzo. Mkurugenzi anataka irudishwe kama ilivyokuwa."

"Kama ilivyokuwa lini?"

"Kwako, baba. Ile yenyewe." Akatazama sanduku la cherehani kupitia mlango wa chumba cha nyuma. Herufi za chungwa zilionekana hadi sebuleni. "Nimemwambia ipo."

Binti yangu alifumba macho. "Umemwambia tena?"

"Haitoki," nilisema. "Ganda bakini nalo, linawafaa. Lakini mkurugenzi wako akitaka kuiona, aje. Mlango wangu hauulizi namba. Na wewe, kabla hujaondoka, njoo huku. Kuna sharti nililisahau na wewe ndiye utakayeliandika."

Nilimketisha mbele ya mashine. Nilikuwa nimeizima kwa makusudi nilipoona gari lao, nikairudisha kwenye ubao wa balbu. Nilimwagiza aitazame balbu, na akaitazama, kweli aliitazama, shingo imenyooka, mpaka ikafifia. Alitaka kubonyeza kitu. Nikamwambia asubiri. Alisubiri kama mtoto aliyewekwa nje ya darasa. Zilipotokea herufi nilimsomea, naye akachapa kwa vidole viwili: Sharti la kumi na tatu. Mashine iwe ndani ya mashine.

Katikati alikosea. Mara moja akanyoosha kidole, akaanza kulipangusa neno lile juu ya kioo ili lifutike. Alipangusa mara tatu. Kisha akakitazama kidole chake.

Binti yangu alikohoa. Mke wangu alilazimika kwenda jikoni.

"Kitufe cha kufutia kiko juu, mkono wa kulia," nilimwambia.

Alifuta, akaandika upya, akamaliza. Nilimwonyesha jinsi ya kuhifadhi. Diski ikaanza kukwaruza, na yeye akakaa, mikono magotini.

"Sasa tunasubiri nini, baba?"

"Inaandika."

"Inaandika wapi?"

"Hapa. Humu humu."

Aliinama, akaweka kiganja chake nyuma ya sanduku la cherehani, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akakiacha hapo. "Ina joto," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kitu.

Nikamwambia atoe mkono, anaziba matundu ya hewa.